Mozart na Dvořák Nyali: nendeni, ila bebeni upepeo

Mie mtu wa taarab jamani, kwenye onyesho hili la orkestra huko Nyali, Mombasa, nlienda tu kwa vile binamu yangu alikuwa na tiketi ya ziada, manake elfu mbili za kusikiliza fidla bila mwimbaji singetoa. Sasa ntatoa.

Ubaya kwanza tuumalize. Tiketi inasema saa moja usiku, tumeanza saa mbili kasorobo, feni za ukumbi zinakoroma, na ile piano unyevu wa pwani ushaitia mkono, noti za juu zimelegea hata mie nlisikia.

Wakaanza na konsato ya piano (piano inatamba, orkestra inaiitikia) namba 20 ya mtunzi Mozart, ya 1785, mwenyewe ndo aliipiga mara ya kwanza Vienna. Nlidhani Mozart ni wa kubembelezea watoto, kumbe hii inaanza gizagiza, fidla zanong'ona kama watu wanapanga njama, halafu piano inaingia peke yake taratibu, haina haraka na mtu. Binti aliyepiga ana vidole vyepesi mashallah. Pale pa kutamba peke yake alipiga alivyoandika mtunzi mwengine, Beethoven, sababu Mozart hakuacha yake, nikakumbuka udi ukiachiwa taksimu, ule upigaji wa peke yake kwenye taarab. Watu wakapiga makofi kila sehemu ikiisha, wajuzi wakanuna, lakini kwenye taarab si angeshatunzwa yule?

Baada ya mapumziko (sambusa baridi, tuyaache) ikaja simfoni, yaani utungo mrefu wa orkestra nzima, ya tisa ya mtunzi Dvořák, aliyoitunga 1893 akiwa Marekani. Sehemu ya pili kuna ala ya kupuliza inaitwa kor angle, ndugu yake nzumari yetu ya harusini, ila sauti yake nzito na ina huzuni ya mtu aliye mbali na kwao. Ukumbi kimya, hata mtoto wa nyuma yangu aliacha kutafuna kachri.

Sasa binamu kashaniambia jamaa wa matoazi hupiga mara moja tu simfoni nzima, basi dakika arubaini macho yangu kwake. Sehemu ya mwisho huyo kasimama, nimeshika kiti nangoja kishindo, akayagusanisha tu, shhh, akakaa zake! Nlicheka mpaka mama wa mbele akageuka.

Mkienda kaeni upande wa kushoto muone vidole vya piano, na mbali na feni.