Spika za sebuleni kwa mtu wa Mbeya: zipi kwanza, zipi mwisho

Ogopa spika inayosikika safi kupita zote dukani. Siku za mwanzo utafurahi, maana unasikia hadi mwimbaji anavyovuta pumzi. Baadaye unaanza kusikia kwamba nyimbo za kwenye flashi zimebanwa, kisha amplifaya inakoroma, kisha unazilaumu nyaya. Unabadilisha amplifaya, spika inakuonyesha ubaya mwingine. Hela ya mbolea inaishia soko la Mwanjelwa namna hiyo.

Kwa hiyo nazipanga kwa utulivu zitakaokupa.

Namba moja ni spika ndogo za mtumba zenye boksi la mbao, zile za Japani na Ulaya zisizo na amplifaya ndani. Nyingi zina sauti laini, na wimbo uliorekodiwa vibaya bado unasikilizika. Ila zikague. Toa kitambaa cha mbele, gusa ukingo unaozunguka karatasi ya wufa, ile spika kubwa ya besi. Kama ni wa sponji na kidole kinatoka na unga mweusi, umeoza, achana nazo. Wa mpira hudumu zaidi. Kisha sukuma karatasi ndani taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikikwaruza, koili, yaani waya uliosokotwa nyuma ya karatasi, imeungua au imepinda.

Amplifaya ya kuziendesha igeuze nyuma kwanza. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani huandikwa 100V, na umeme wetu ni 230V. Ukiichomeka moja kwa moja umeiua. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Stabilaiza ya friji haifanyi kazi hiyo.

Namba mbili ni sabufa na vispika vyake. Wajuzi wataguna, waache wagune. Sauti za watu zinamezwa na besi, kweli, lakini inasoma flashi, ina redio na bluetooth, na sijaona mtu aliyekosa usingizi akiwaza kuibadilishia nyaya. Kama nyumba ni bati tupu bila dari, nunua hii: mvua ya Februari ikianza, spika ya bei gani itashindana nayo?

Namba tatu ni monita, spika za kukagulia sauti studio, mfano Yamaha HS5, yenye amplifaya yake ndani. Kwa anayerekodi kwaya, hizi ndizo za kwanza. Kazi ya monita ni kuanika makosa. Yamaha hao hao walitoa spika ya NS-10 mwaka 1978 kwa ajili ya majumbani. Ikaja kupata umaarufu studio, na hata huko wapo mafundi waliobandika karatasi ya chooni mbele ya twita, kile kispika cha sauti nyembamba, kupunguza ukali. Sasa wewe uweke monita juu ya sakafu ya vigae, kuta nne za tofali, uketi usikilize baada ya kazi?

Aliyekwisha kuzinunua asikimbilie kuuza. Tandika zulia, ning'iniza mapazia mazito, sogeza spika zitoke kwenye kona, maana kona huvimbisha besi.

Makabati ya sherehe, yale maspika makubwa ya kwenye harusi, nayaweka mwisho. Majirani wako wanajua sababu.

Dukani nenda na flashi yako yenye nyimbo unazozijua, na mwambie muuzaji asawazishe sauti kati ya spika mbili unazolinganisha. Iliyo juu kidogo tu sikio huiona bora, na wauzaji wanalijua hilo vizuri.