Adili na Nduguze, safari hii nikiwa mtu mzima

Mwenye haraka achukue hili aondoke nalo: Adili na Nduguze bado kinasomeka, bei yake haimtishi mtu, na ukikisoma katika umri ambao umeshagombana na ndugu zako kwa jambo la kweli, utakuta ni kitabu kingine kabisa.

Shaaban Robert alikitoa mwaka 1952. Mimi nilikutana nacho nikiwa shule ya msingi, Iringa, nakala isiyo na jalada iliyokuwa imeshapita mikononi mwa ukoo mzima. Kilichonikaa kichwani ni maajabu tu: majini, ndugu wawili waliogeuzwa manyani, na mji ambao watu wake wote wamekuwa mawe. Mji huo sikupata taabu kuuona. Tulishapelekwa Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, kwenye lile korongo la nguzo ndefu zilizochongwa na maji na upepo. Mwalimu alikuwa anaeleza zana za mawe za watu wa kale, mimi natafuta nguzo ipi ni mwenye duka na ipi ni askari. Mpaka leo nikifika sura ile naona Isimila.

Kwa asiyeijua hadithi: Rai, mfalme wa Ughaibuni, ni mtu anayependa mno wanyama. Anamtuma Ikibali kwenda Janibu kuleta kodi, na huko Ikibali anakuta jambo la kutisha nyumbani kwa mtawala wa mji, Adili. Kuna manyani wawili wanaolishwa vyakula vizuri na kubembelezwa, lakini usiku ukiingia mtawala huyohuyo anawachapa, tena anawachapa huku analia. Habari inamfikia mfalme, Adili anaitwa ajieleze, na maelezo yake ndiyo yanayobeba kitabu. Manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Walimtosa baharini kwa wivu. Jini aitwaye Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa maisha, akamwopoa, akawageuza wale wawili, kisha akaacha amri: wachape kila usiku, na usiku utakaoacha, utachapwa wewe.

Utotoni hapa sikuwa na swali. Walimtupa baharini, wanachapwa, basi. Nakumbuka hata kusoma haraka haraka kurasa za Adili akilia, nione jini anarudi lini.

Safari hii nilimsomea mama, Mafinga, mwezi wa sita, ule msimu ambao ukungu hautoki mpaka saa nne asubuhi na jioni hakuna anayetaka kuondoka karibu na jiko. Macho yake hayampi tena maandishi madogo, na nakala niliyonunua ina maandishi madogo kweli, hilo mjue mapema. Nikawa nasoma, yeye anachambua maharage na kukatiza. Tulipofika kwenye amri ya Huria akaacha maharage.

"Huyo jini mbaya."

Nikamwambia mbona ndiye aliyemwokoa Adili, Mama.

"Na Adili alimwokoa yeye kwanza. Mtu kakutoa kwenye kifo, zawadi yako ni kumpa kazi ya kuchapa ndugu zake? Mwanangu, huyo kamfunga kuliko alivyowafunga hao manyani."

Kitabu hakisemi hivyo popote. Huria anasimuliwa kwa heshima kama mtenda haki, na sidhani mwandishi alitaka tumchukie. Lakini likishatamkwa huwezi tena kusoma kama mwanzo. Kuanzia hapo niliona kitu ambacho utotoni kilipita kando yangu: Adili anatawala mji mzima mchana, na usiku hana uamuzi hata juu ya mkono wake mwenyewe. Adhabu ilishatimiza kazi yake zamani, wakosaji wenyewe hawawezi hata kusema "tumekosa" kwa kuwa hawana tena ulimi wa binadamu, na bado kiboko kinaendelea kwa sababu aliyekishika kapewa amri na aliyetoa amri hayupo.

Tukumbuke kiliandikwa lini. Tanganyika ya 1952 ilikuwa chini ya Mwingereza, na kuchapwa viboko kwa hukumu ya mahakama kulikuwa na sheria yake tangu 1930. Mama yeye hakuikumbuka hiyo, aliikumbuka ya 1963, yetu wenyewe, ya viboko 12 mfungwa akiingia gerezani na 12 akitoka. "Akamwonyeshe mkewe," akamalizia, kama watu wa rika lake wote wanavyomalizia. Tukacheka, halafu akanyamaza kidogo na kuniambia niendelee kusoma.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiione hadithi hii kuwa ya majini tu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni karibu maisha yake yote ya kazi: miaka mingi forodhani, halafu idara ya mifugo, halafu ofisi nyingine kule Tanga. Sasa mtazame Ikibali, mtumishi anayetumwa kufuata fedha za serikali, ambaye badala ya kuhesabu fedha na kurudi, anaona kinachofanyika usiku na kukiripoti. Na mtazame mfalme ambaye jambo la kwanza linalomuumiza ni wanyama kupigwa. Sidai kwamba aliwachora kutoka ofisini kwake. Ila mtu aliyekaa kwenye meza zile alijua uzito wa ripoti ya karani mmoja.

Na tazama mateso yanakomaje. Adili hagomi, maana akigoma atachapwa yeye. Machozi yake hayasaidii kitu. Kinachofanya kazi ni barua: Mfalme Rai anaandika, mkubwa kwa mkubwa, kwenda upande wa majini, kuomba wale wawili wasamehewe. Utotoni niliona sehemu hiyo inachosha kuliko zote. Leo, baada ya kuzungushwa na barua za utambulisho za kila aina, naamini hakuna ukurasa wa kweli zaidi katika kitabu kizima.

Manyani wanarudi kuwa watu, wanatubu, mambo yanaisha kwa furaha. Hapo mimi na mama tuliachana njia. "Wangeachwa manyani," alisema, na sababu naijua. Kwetu kuna shamba la miti ya mbao ambalo baba zangu wadogo wawili walilivuna wakati baba yuko kitandani anaumwa, na tangu amefariki hakuna kikao cha ukoo ambacho mama hajaambiwa asamehe yaishe. Hakubishana nami kuhusu kitabu. Alisema tu kwamba mtu aliyekutosa baharini akirudi kuwa mtu, ana mikono tena.

Sikumjibu. Na nilipofuatilia asili ya hadithi, nikakuta hoja yake ina wazee. Waliosoma Alfu Lela Ulela, zile hadithi za kale za Kiarabu, wataitambua hadithi hii: huko yuko Abdallah bin Fadhil, na nduguze ni mbwa, si manyani. Nao wanasamehewa kwa kuingiliwa kati na mtawala. Kisha, wakishapata tena sura ya binadamu, wanamkaba ndugu yao koo na kumtupa mtoni wakidhani amekufa. Yaani mwisho ule wenye toba na furaha Shaaban Robert hakuukuta, aliuweka. Alichukua hadithi inayosema ndugu wa namna hii hawabadiliki, akakataa. Kwangu hilo ndilo lililofanya ununuzi huu uwe na thamani, maana sasa mwisho ule si wa kitoto tena. Ni mtu mzima aliyejua mwisho mwingine na akachagua huu. Mama nilipomweleza alisema Waarabu walikuwa na akili.

Kasoro zipo. Majina yanakumalizia hadithi kabla haijaanza, maana mtu anayeitwa Hasidi unamtegemea nini? Mwandishi anapenda kusimama katikati ya tukio akatoa nasaha, na baadhi ya nasaha zile niliziruka bila aibu. Mwelekevu, binti aliyebaki hai peke yake katika mji wa mawe, ana kisa ambacho kingetosha kitabu chake mwenyewe, lakini akishatoka mjini anakuwa mtu wa kupendwa na kugombewa tu. Na nakala yangu mgongo ulianza kuachia kurasa kabla sijafika katikati.

Kama unamnunulia mtoto, nadhani darasa la sita au la saba anakiweza, kwa sharti kwamba usimwachie kurasa za mwanzo peke yake. Zile sifa za mfalme na ufalme zinaenda taratibu, na Kiswahili chake si cha mtaani. Msomee wewe mpaka Ikibali afike Janibu. Manyani wakishaletwa, atakunyang'anya kitabu.