Parará Purú, Mto Chagres: ziara ya kijiji cha Waembera kwa abiria wa meli za kitalii

Kati ya ziara zote zinazouzwa kwa abiria wa meli za kitalii zinazofunga gati Colón, nchini Panama, ile ya kwenda Parará Purú, kijiji cha Waembera, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, katika Mto Chagres ndiyo ninayoipendekeza kwanza, na ndiyo pia ninayoiwekea masharti mengi kuliko nyingine zote. Ninaipendekeza kwa sababu kijiji chenyewe kimejipanga vizuri, wenyeji wake wanajua wanachokionyesha na sababu ya kukionyesha, na mgeni aliyepewa muda wa kutosha huondoka akiwa ameelimika. Masharti yangu yanatokana na jinsi ziara hii inavyouzwa melini, ambapo muda wa kukaa kijijini hupunjwa, na fedha za abiria hupita katika mikono mingi kabla ya kuwafikia wanaofanya kazi.

Ni vizuri msomaji aelewe kwanza ni kwa nini kijiji hiki kipo mahali kilipo. Asili ya Waembera ni misitu ya Darién, mashariki mwa Panama, na ya Chocó, upande wa Colombia. Mwaka 1983 serikali ya Panama iliwatambulia eneo lao la utawala huko Darién, wao pamoja na ndugu zao Wawounaan, lakini familia zilizokuwa zimeshahamia Chagres tangu miongo iliyotangulia zilibaki nje ya mipaka ya eneo hilo. Walikuwa wamesogea huku ili wawe karibu na shule, hospitali na kazi. Mmoja wa waliokuja ni Manuel Antonio Zarco, mjuzi wa msitu aliyewafundisha wanaanga wa Marekani namna ya kuishi porini endapo chombo chao kingeangukia msituni. Katikati ya miaka ya 1980 sehemu ya juu ya bonde ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Chagres, yenye ukubwa wa hekta 129,000 na ushee, kwa lengo kubwa la kulinda maji, kwa kuwa mto huu ndio unaoulisha Mfereji wa Panama na ndio unaowanywesha wakazi wa Jiji la Panama na Colón. Kuanzia hapo, kuwinda na kufyeka msitu kwa ajili ya mashamba makubwa kukawa marufuku, na watu waliokuwa wakiishi kwa mawindo, migomba na mahindi wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kujipatia riziki. Wageni ndio wakawa njia hiyo. Mtu anayekwenda kule akidhani anatazama maonyesho ya hiari ya watu wenye nafasi atakuwa hajaelewa uzito wa siku anayoipata.

Safari yenyewe huanza kwa basi kutoka bandarini, mwendo wa saa moja na kitu, hadi Ziwa Alajuela. Ziwa hili lilitokana na bwawa la Madden lililokamilika mwaka 1935 ili kudhibiti mafuriko ya Chagres na kuweka akiba ya maji ya mfereji. Kwenye gati dogo la udongo abiria hupokewa na vijana wa kijiji, hugawiwa majaketi ya kujiokolea, kisha hupangwa kwenye mitumbwi mirefu ya gogo moja iliyofungwa mashine. Nilikagua jaketi langu na ya wanangu kabla ya kupanda, na yote yalikuwa mazima, vifungo vikibana sawasawa. Jambo hili nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa si kila mahali nilikopanda boti ya watalii nimekuta hivyo.

Sehemu ya mtoni peke yake inatosha kuihalalisha nauli. Nahodha hukaa tezi akishika mashine, na kijana mwingine husimama omo akiwa na upondo mrefu, akisoma maji. Tulipoliacha ziwa na kuingia mtoni, kina kilipungua, chini pakaonekana mawe na changarawe, na kijana yule akawa anachomeka upondo upande huu na upande ule bila kugeuka nyuma, huku nahodha akiinua mashine kwa ishara ndogo tu ya mkono wake. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye mitumbwi na ngalawa, na ninakiri kwamba ustadi ule ulinifurahisha mno. Mahali pamoja chombo kilikwama. Vijana wakashuka, maji yakiwafika magotini, wakakisukuma na tukaendelea. Kiangazi, kati ya Januari na Aprili, hali hiyo ni ya kawaida, na abiria huweza kuombwa washuke wapunguze uzito.

Kijijini wageni hulakiwa kwa filimbi, ngoma na gamba la kobe linalogongwa kwa kijiti. Nyumba zimesimama juu ya nguzo, zimeezekwa makuti, na ngazi yake ni gogo lililochongwa vidato. Baada ya salamu wageni hukusanyika katika nyumba kubwa ya mikutano, na hapo ndipo ziara inapopata thamani yake. Mama mmoja wa makamo alisimama mbele yetu akatueleza kazi ya vikapu hatua kwa hatua, akizungumza Kihispania na mwongoza wageni akitafsiri. Alianza na ukuti mchanga wa chunga, mti wa jamii ya mnazi wenye shina lililojaa miiba mirefu, akauchana mbele yetu hadi ukawa nyuzi nyembamba. Akaonyesha zilizoanikwa juani zikawa nyeupe, zilizochemshwa na manjano, zilizopakwa mbegu nyekundu za mzingefuri, mmea uleule unaolimwa Kwale, na zile nyeusi, ambazo huchemshwa na vipande vya mti wa cocobolo kisha hufukiwa kwenye tope. Halafu akakaa, akachukua kikapu alichokuwa hajakimaliza, akaendelea kukishona kwa sindano huku akijibu maswali. Kila mzunguko unashikizwa kwa mshono uliobana kiasi kwamba kikapu bora huweza kuhifadhi maji. Kikapu cha ukubwa wa bakuli la mchuzi humchukua mshonaji wiki kadhaa, na kikubwa chenye michoro ya ndege au vipepeo humchukua miezi. Baada ya kuona mikono yake ikifanya kazi, sikuona sababu ya mtu yeyote kulalamikia bei.

Chakula ni kile kinachohudumiwa katika karibu vijiji vyote vya Chagres: samaki wa kukaanga na ndizi mbichi zilizokatwa, zikapondwa na kukaangwa mara mbili, vyote vikiwekwa ndani ya jani lililokunjwa likawa kikombe. Samaki mwenyewe ni tilapia, ambaye sisi tunamwita perege au sato, aliyepelekwa huko kutoka bara letu, na alikuwa ametoka motoni wakati huohuo, ngozi ikipasuka mdomoni, nyama laini, chumvi ya kiasi. Hapakuwa na nyama ya aina yoyote, kwa hiyo Waislamu wa familia yetu walikula bila wasiwasi. Matunda yalikuwa mananasi, papai na tikitimaji. Niliongeza mara ya pili, na ningeongeza ya tatu lau tungepewa muda.

Ngoma hufuata. Wanawake huvaa paruma, kitambaa cha rangi kali kinachofungwa kiunoni, pamoja na vifua vya shanga na sarafu. Wanaume huvaa ubinda na mapazia ya shanga. Ngoma nyingi huiga mwendo wa wanyama na ndege, na mwishoni wageni huvutwa waingie. Anayependa hupakwa michoro ya jagua, maji ya tunda ambayo hupakwa ngozini yakiwa karibu hayana rangi na kugeuka meusi baada ya saa kadhaa, mithili ya piko ya bibi harusi. Hayatoki kwa sabuni. Hukaa siku kumi hivi hadi ngozi ijibadilishe yenyewe. Mwenye kazi ya ofisini achore mkono au mguu, uso auache.

Sasa niseme kilichoniudhi. Ziara iliyotangazwa melini kuwa ya nusu siku ilitupatia kijijini muda usiofika saa mbili, kwani sehemu iliyobaki ililiwa na foleni bandarini, basi lililosubiri kundi la pili, na kusimama kwenye duka la zawadi lisilohusiana kabisa na Waembera. Tulikuwa wengi kupita kiasi kwa nyumba moja ya mikutano. Mwongoza wageni aliyeajiriwa na wakala wa meli alimkatiza yule mama mara kadhaa ili atuharakishe, na maswali mawili ya watu wazima wenzangu aliyajibu yeye mwenyewe bila kumfikishia mwenye kuulizwa. Nauli ilikuwa dola mia na ushee za Kimarekani kwa kila mtu, na nilipouliza kwenye dawati la ziara ni sehemu gani ya fedha hiyo inakwenda kijijini, nilijibiwa kwamba hizo ni habari za mkataba. Jibu hilo halikuniridhisha na halipaswi kumridhisha abiria mwingine. Watu wanaobeba wageni, wanaopika, wanaocheza na wanaofundisha ndio bidhaa yote inayouzwa. Mnunuzi ana haki ya kujua wanalipwa nini.

Melini niliwasikia baadhi ya wenzangu wakinung'unika kwamba kijiji "si cha kweli", kwa sababu walimwona kijana ana simu, na nguo za kawaida zimeanikwa nyuma ya nyumba. Nalipinga neno hilo kwa moyo wote. Waembera hawajawahi kudai kwamba wanavaa shanga kila asubuhi. Ukiwauliza watakwambia wazi kwamba siku zisizo na wageni huvaa fulana na kaptura, na kwamba vitambaa vya paruma vyenyewe huagizwa kutoka viwanda vya Asia, kwa michoro wanayoipenda wao. Sisi Watanzania tunalijua jambo hili kwa karibu. Wamasai wanaopokea watalii kwenye maboma ya Ngorongoro nao wanaishi ndani ya hifadhi, nao wamekatazwa kulima, na tangu mwaka 2022 wengine wamehamishiwa Msomera, Handeni, katika mkoa wangu mwenyewe. Mtu aliyenyimwa shamba akaachiwa utamaduni wake tu kama kitu cha kuuza, halafu akadharauliwa kwa kuuza, anaonewa mara mbili. Kilichonifariji Parará Purú ni kwamba kijiji kimeshika usukani wa onyesho lake: wao ndio wanaopangiana zamu na wanaoamua nini kionyeshwe, na mapato ya wageni hugawiwa kwa utaratibu wao. Watoto wanasoma, na lugha yao inasikika kila kona, midomoni mwa wakubwa na wadogo.

Kwa anayetaka kwenda, ushauri wangu mkubwa ni huu: kama meli inakaa Colón siku nzima, tafuta mwongozaji wa Panama anayechukua kundi dogo na anayepatana moja kwa moja na kijiji, kisha mwulize mapema ni saa ngapi mtakazokaa huko na kijiji kinalipwa kiasi gani kwa kila mgeni. Mwongozaji mwaminifu hujibu bila kusitasita. Hatari yake ni moja: meli haimsubiri abiria aliyechelewa kwenye ziara isiyokuwa yake, kwa hiyo panga kurudi bandarini saa mbili kabla ya kung'oa nanga. Kama meli yako inakaa saa chache tu, chukua ziara ya meli, chagua zamu ya asubuhi, na ukifika nenda moja kwa moja kwenye meza za akina mama, maana mauzo ya hapo huingia mkononi mwa aliyeshona au aliyechonga.

Beba dola za Kimarekani za noti ndogo, kwani ndizo zinazotumika nchini pamoja na balboa, fedha ya Panama, na chenji ni shida. Mbali na vikapu utakuta sanamu ndogo za vyura na ndege zilizochongwa kwa tagua, mbegu ngumu nyeupe inayofanya kazi ya pembe za ndovu bila tembo kuuawa, na nyingine za mti wa cocobolo. Bei huandikwa kwenye kijikaratasi pamoja na jina la fundi, na sikuona mtu wa kijiji akimsumbua mgeni ili anunue. Vaa viatu vinavyostahimili maji, nguo za kuogea chini ya nguo zako ikiwa ziara yako inapitia maporomoko, na funga simu ndani ya mfuko wa plastiki. Omba ruhusa kabla ya kumpiga picha mtu, hasa mtoto. Wazazi wajue kwamba baadhi ya wanawake wazee hukaa vifua wazi, kama ilivyo desturi yao. Wanangu nilikuwa nimewaeleza mapema, wakaheshimu. Wasafiri wanaotoka Kenya wasisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Panama huidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo.

Wazee wenye shida ya magoti wanaweza kwenda, lakini waombe wasaidiwe kuingia mtumbwini, kwa sababu kingo zake ni za juu na hauna ngazi, na pale kijijini kuna mteremko wa udongo unaoteleza mvua ikinyesha. Vijana wa mtumbwi walimshika mama mkwe wangu mikono yote miwili wakati wa kupanda na wa kushuka, bila kuambiwa na bila kungoja bahashishi.