Massey Ferguson 375 katika kazi ya kulimia watu: uchambuzi wa ekari, dizeli na saa

Ndugu watazamaji, karibuni. Kabla sijaanza kueleza lolote, naomba mtazame nyuma ya trekta hili. Plau la diski 3 limenyanyuliwa juu, injini nimeizima sasa hivi, na kando ya diski ya mwisho nimesimamisha kijiti nilichokitia alama ya chaki mahali ukingo wa diski ulipo. Tutakirudia kijiti hicho mwishoni.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 375 la mtumba, la magurudumu mawili ya kuvuta, lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda 4 na nguvu za farasi 75. Tuko Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, na ninalichambua kwa macho ya mtu anayetaka kuishi kwa kulimia wengine kwa malipo. Mwenye shamba lake mwenyewe ana maswali mengine, naye leo atanisamehe.

Sifa za injini sitazikalia sana. Haina kompyuta, pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, na fundi wa kijijini mwenye spana na uzoefu anaweza kuifungua chini ya mwembe. Jambo hilo lina uzito kuliko nguvu za farasi, kwa sababu huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja na wakulima wote wanataka kulimiwa katika majuma yale yale ya Novemba hadi Januari. Trekta jipya lenye kiyoyozi likisimama siku 6 kusubiri kipuri kutoka Dar es Salaam, wateja wake watakuwa wamelimiwa na jirani, na hawatarudi hadi mwaka unaofuata.

Plau la diski nalo halikuenea nchini kwa bahati. Mashamba mengi tunayoitwa kulima yana visiki na mizizi, na diski ikikutana na kisiki hujiviringisha na kupanda juu yake, ilhali jembe la ulimi hujikita na kuvunjika, au kumvunjia mwenye trekta mikono ya haidroliki, ile inayonyanyua plau kwa nguvu ya mafuta. Diski 3 hukata upana wa takriban sentimita 90. Ukitembea kilomita 6 kwa saa, na ukitoa robo ya muda kwa ajili ya kugeuza kichwani mwa shamba, unapata ekari moja kwa saa. Hiyo ni hesabu ya shamba refu lililonyooka. Kwenye vishamba vya nusu ekari vyenye kona tano, trekta hushinda likigeuza, ndiyo maana mimi siendi kijiji chochote kabla wakulima hawajajipanga wakafikisha angalau ekari 5 zilizopakana.

Sasa tuingie kwenye fedha. Chukueni kalamu, na mahali nilipoweka bei zangu za mfano muweke za kijijini kwenu. Tuseme kulima ekari moja ni shilingi 60,000. Dizeli, pamoja na safari za kuhama kutoka shamba hadi shamba, ni lita 9 kwa ekari, na kwa shilingi 3,000 kwa lita hiyo ni 27,000. Dereva analipwa 5,000 kwa ekari, utingo 2,000, na dalali aliyetafuta wateja 2,000. Inabaki 24,000. Kwa siku yenye saa 10 za injini, mbili zikiishia njiani, utalima ekari 8; na ukipata siku 40 za kazi katika msimu, yaani ukiondoa siku za mvua kubwa na siku za ufundi, utakuwa na ekari 320 na shilingi 7,680,000. Msishangilie bado. Humo ndani mtatoa oili na filta kila baada ya saa 250, grisi ya kila siku, beringi za diski, diski zenyewe zinapolika, na tairi la nyuma ambalo bei yake huweza kumkosesha mtu usingizi.

Hata hivyo, si tairi lililonila msimu wangu wa kwanza. Nililiwa na hatua. Ninyi nyote mnajua kwamba vijijini ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Ekari halali ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye upande wa mita 63.6 hivi, kwa hiyo mpimaji mwenye hatua ya sentimita 91 atakuwa sahihi kabisa. Lakini mwenye shamba anapopima mwenyewe, tena mbele ya trekta linalounguruma, hatua hurefuka. Ikifika mita moja kamili, ile 70 kwa 70 inakuwa mita za mraba 4,900, ambazo ni ziada ya asilimia 21. Katika ekari 320 utakazolipwa, utakuwa umelima zaidi ya 387, na zile 67 za bure, kwa lita 8 za ndani ya shamba peke yake, zimekunywa lita 536 za dizeli. Hizo ni shilingi 1,608,000, zaidi ya moja ya tano ya kile tulichokihesabu sasa hivi, na bado sijagusa jasho la dereva wala saa za injini.

Simlaumu mkulima. Naye ana miguu yake, na mimi nilikuwa na mdomo wa kusema nikanyamaza kwa kuona haya. Siku hizi nina kamba ya mita 50 ndani ya boksi la spana. Tunapima pamoja kabla plau halijagusa udongo, tunaandika kwenye daftari, na shamba lenye umbo la ajabu tunalizunguka na simu yenye programu ya kupima eneo. Ugomvi umekwisha.

Kifaa cha pili cha thamani ni hiki hapa kwenye dashibodi, mita ya saa. Wamiliki wengi wanaokaa mjini huuliza dereva kwa simu amelima ekari ngapi, kisha wanaamini jibu. Ombeni picha ya mita asubuhi na jioni. Saa 10 zikileta ekari 8 na lita 72, mambo yanakwenda. Saa 10 zikileta ekari 5, ama udongo umekauka, ama mashamba yametawanyika, ama kuna ekari 3 zilizolipwa mfukoni mwa mtu. Msianze kwa kushutumu. Nendeni mkaone shamba kwanza.

Udhaifu wa trekta la namna hii ni tope. Tukimaliza huku huwa tunateremka na barabara ya Morogoro kupitia Gairo hadi Dumila na Dakawa kufuata masika, na kule kwenye udongo mzito wa mbuga magurudumu mawili ya kuvuta huanza kuteleza mapema. Kujaza maji kwenye matairi ya nyuma husaidia, na kufunga difu, yaani kuyalazimisha magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, husaidia mkiwa mmenyooka, ila msigeuze kona difu ikiwa imefungwa. Anayekusudia kulima majaruba ya mpunga tangu mwanzo atafute trekta linalovuta kwa magurudumu manne, akubali na gharama yake.

Baada ya kulima, chuma hakipaswi kulala. Tela hubeba mahindi hadi soko la Kibaigwa, na mashine ya kupukuchua, inayozungushwa na shafti ya nyuma, hulipwa kwa gunia. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, ambayo ni mara 9 kwa sekunde. Kina mama wanaokusanya magunzi huja wamejifunga kanga. Kama kifuniko cha shafti kimevunjika, mimi siwashi mashine, hata foleni ya magunia ikifika barabarani.

Kwa wanaotaka kukopa, nina neno moja tu: kazi hii inalipa kwa misimu, kwa hiyo mkataba unaodai rejesho sawa kila mwezi utawabana Septemba, wakati trekta limeegeshwa. Ombeni marejesho makubwa yaangukie Januari na Julai, na kama mkopeshaji amekataa, tafuteni mwingine.

Haya, turudi nyuma ya trekta. Muda wote huu injini imezimwa, na plau zito linaning'inia kwenye haidroliki. Tazameni kijiti: ukingo wa diski umeshuka vidole viwili chini ya chaki, kwa sababu haidroliki inavuja kidogo kwa ndani. Kwa trekta la mtumba ninaridhika. Plau lingekuwa limefika ardhini kabla sijamaliza hesabu ya dizeli, ningemwambia muuzaji atoe kwenye bei yake gharama ya kufungua haidroliki, au ningeondoka. Mnapokwenda kununua, nendeni na kijiti na chaki, na msisimame chini ya plau.