Kataba, kutiba, kutub: miezi minane na skana yangu ya kusomea vitabu

Kitabu kilichonifanya ninunue skana ni cha marehemu babu. Ni sarufi ya Kiarabu iliyoelezwa kwa Kiswahili, ina kurasa 184, jalada limechoka na kinanukia sanduku la zamani. Nilipofuka nikiwa na miaka 21, kwa hiyo herufi za Kiarabu nazikumbuka kwa sura zake tangu nikisoma chuoni, yaani madrasa, hapa Ngamiani. Kitabu kilikaa kabatini miaka mingi, maana kila wa kunisomea ana shughuli zake, na anayepata nafasi hamalizi kurasa mbili bila kuanza kupiga miayo.

Skana yenyewe ni ya mtumba, niliipata hapa hapa Tanga kwa Sh 150,000. Ni ile bapa, nyembamba, inayopata umeme kwa waya wa USB kutoka kwenye kompyuta mpakato. Hapo ndipo iliponikamata, kwa sababu umeme wetu una tabia ya mji wenyewe: waja leo, waondoka leo. Kompyuta ikiwa na chaji nakwenda na kazi yangu, na giza kwangu si hoja.

Programu zote ni za bure. NVDA inanisomea skrini, na ile sauti yake ya eSpeak NG ina Kiswahili ndani. Kuskani natumia NAPS2, ambayo kazi ya kutambua herufi humwachia Tesseract, injini iliyoanzia Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005. Inajua lugha zaidi ya 100, Kiswahili na Kiarabu zikiwemo. Kila kitu nakifanya kwa kibodi, panya sijaigusa.

Nilianza vibaya. Nilijaribu kwanza kitabu cha hadithi cha Kiswahili, nikasahau kubadilisha lugha kutoka Kiingereza. Nikaletewa "rnwalimu" badala ya mwalimu, na herufi l imegeuka tarakimu 1 hapa na pale. Halafu sauti nayo ilikuwa ya Kiingereza. Ilipofika kwenye "mke wake alikwenda Same" ikasoma "weik" na "seim", nikabaki najiuliza huyo mke kaenda wapi. Nilipoweka lugha sawa, na ukali wa picha nukta 300 kwa inchi, kurasa za Kiswahili zilitoka safi kiasi kwamba nilisoma sura mbili bila kusimama.

Kilichonisumbua wiki nzima ni mgongo wa kitabu. Nilikuwa nasikia sentensi zinaanza katikati, neno la kwanza halipo, nikadhani programu ina kasoro. Kumbe skana hizi nyembamba huona vizuri kile tu kinachogusa kioo; karatasi ikiinuka kidogo kwenye mkunjo, maandishi yanafifia. Dawa yake ni kukibana kitabu. Mimi nabana kwa kibao cha kukatia kachumbari (mke wangu kashanunua kingine). Halafu siskani kurasa mbili kwa pamoja. Napitisha za kulia zote mwanzo mpaka mwisho, nageuza kitabu, napitisha za kushoto zikiwa kichwa chini, kisha naziambia zigeuke kwa mkupuo mmoja. NAPS2 ina amri ya kuzipanga tena kwa zamu, moja ya huku, moja ya kule. Siku ya kwanza nilisahau amri hiyo, nikasoma hadithi iliyoruka kila ukurasa wa pili. Haikuwa mbaya sana, kusema kweli.

Sasa kitabu cha babu. Lugha mbili katika mstari mmoja ndipo mtu hujua skana yake inaweza nini. Maelezo ya Kiswahili hayana shida. Kiarabu kina shida mbili. Kwanza nukta: ba, ta na tha ni umbo lile lile, nukta ndizo zinazotenganisha, na kwenye karatasi ya zamani doa la vumbi nalo ni nukta. Pili irabu. Chukua kaf, ta na ba. Ukizitia irabu namna moja ni kataba, aliandika. Namna nyingine ni kutiba, kiliandikwa. Ya tatu ni kutub, vitabu. Somo zima la ukurasa ule limo kwenye alama hizo ndogo za juu na chini, na ndizo zinazopotea kwanza. Bila irabu, sauti ya kompyuta inabahatisha tu, kama mtoto wa chuo aliyekuwa mtoro.

Kuhusu sauti kubadilika yenyewe kutoka lugha moja kwenda nyingine: NVDA inaweza, lakini faili lazima liwe limewekewa alama ya lugha, na maandishi yanayotoka kwenye skana hayana alama hiyo. Mpwa wangu alinitengenezea kijiprogramu kinachopita kwenye faili na kuweka alama popote penye herufi za Kiarabu. Kinafanya kazi vizuri. Nikamwomba afanye hivyo kwa kamusi yangu ya Kiswahili na Kiingereza.

"Mjomba, hizi mbili herufi zake ni moja, nitazijuaje?"

Kweli. Kiarabu kinajitambulisha kwa mavazi. Kiingereza kinajichanganya na Kiswahili kama mgeni aliyevaa kanzu. Kwa hiyo kamusi naisoma kwa sauti ya Kiswahili, inaniambia "pe-o-ple" na "ho-u-se", nimeshazoea.

Kama vitabu vyako ni vya Kiswahili, au Kiswahili na Kiingereza, nunua hata kesho. Barua au boksi la dawa, simu inatosha, usijisumbue na skana. Kama ni Kiarabu chenye irabu, tafuta pia macho ya mtu. Mimi majedwali ya vitenzi yote nimemwachia mpwa, anakagua herufi kwa herufi na kunisomea irabu. Malipo tulipatana soda moja kwa kurasa tano. Juzi alipofika vitenzi vyenye herufi za illa (alif, waw na ya, ambazo hubadilika na kudondoka ndani ya kitenzi) akasema bei imepanda, sasa ni kurasa tatu.