Tathmini ya Kozi ya Jioni ya Wasimamizi wa Mifumo, Kijitonyama

Kwa wiki sita nilihudhuria kozi ya usimamizi wa mifumo ya kompyuta katika kituo kimoja cha Kijitonyama, Dar es Salaam, ambacho sitakitaja jina, kwa ada ya shilingi 450,000 isiyojumuisha gharama ya mtihani. Kozi hiyo huandaa wanafunzi kwa cheti cha LPIC-1 cha Linux Professional Institute, taasisi iliyoanzishwa Kanada mwaka 1999. Anayekitaka hufanya mitihani miwili, kila mmoja ukiwa na maswali 60 ya kujibiwa kwa dakika 90, na cheti hudumu miaka 5.

Kuhusu mtihani sina lawama. Mwalimu anaifahamu Linux, mfumo endeshi unaotumika kwenye seva nyingi, barabara, na jioni aliyoiharibu seva (kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine) kwa makusudi kisha akatuachia tuifufue kutoka kwenye nakala rudufu ilinifaa kuliko miezi mingi ya kujisomea peke yangu. Umeme ulikatika katikati ya zoezi hilo, naye akaendelea kana kwamba alikuwa ameupangia zamu.

Kasoro iko kwenye maadili ya kazi. Mhasibu wa nchi hii husajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, nao hubanwa na kanuni za mwenendo. Lakini msimamizi wa seva, anayeweza kufungua barua pepe za ofisi nzima kuanzia za mhudumu wa mapokezi hadi za mkurugenzi, mara nyingi huajiriwa kwa kuaminiwa tu. Marekani walianza mapema kulishughulikia pengo hili: chama cha wasimamizi wa mifumo, SAGE, kilichoundwa mwaka 1992 chini ya USENIX, jumuiya ya wataalamu wa kompyuta, kiliainisha ngazi za kazi kuanzia anayeanza hadi mwandamizi, kikaweka pia kanuni zinazomtaka msimamizi aguse taarifa za faragha pale tu majukumu yake ya kiufundi yanapomlazimu. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023. Kwenye kozi, hayo yote yalipewa dakika zisizozidi kumi, tena wakati watu wanakusanya mabegi.

Kibaya zaidi, wanafunzi kumi na wawili tulitumia akaunti kuu moja, yenye ruhusa zote za seva, nywila yake ikiwa imeandikwa ubaoni kwa wino mwekundu, hivyo faili lilipofutwa hakuna aliyeweza kuthibitisha ni nani aliyelifuta.

Anayetafuta kufaulu mtihani hatajutia fedha yake. Mwajiri anayetaka kumkabidhi mtu seva ya mishahara, hata hivyo, asitosheke na hati ya kozi hii. Amuulize anaandika wapi mabadiliko anayoyafanya, na ni lini mara ya mwisho alijaribu kurejesha nakala. Nilipopita wiki mbili baadaye kuchukua hati yangu, nilikuta kundi jipya limeketi, na nywila ubaoni ni ile ile.