Uzoefu wangu na ULII na maktaba zinazotunza nyaraka za serikali, nikiwa huku Arua

Watu wamekuwa wananiuliza sana sheria za Uganda nazitoa wapi bila kulipa, na ripoti za sensa na za bajeti je, basi leo niandike yote kwa mpigo. Mimi natunza chumba cha kusomea cha jamii hapa Arua, tuko na vitabu na makaratasi mengi ya serikali, alafu nasaidia watu kwenye mambo ya ardhi na urithi, si wakili, ni msaidizi wa sheria tu. Na kazi yote hiyo inategemea kitu kimoja: kujua karatasi iliyo mkononi ni toleo la lini na kama bado inafanya kazi. Kuchapa serikali inachapa. Shida iko kwenye kuorodhesha na kufikisha.

Nianze na ULII maana ndiyo nayoitumia kila siku. Ni tovuti ya sheria za Uganda iliyo chini ya Mahakama, ndani yake kuna sheria za Bunge, hukumu za koti, na huhitaji kufungua akaunti wala kutuma mobile money, unaingia na simu yako unasoma. Kitu ninachoipendea kuliko vyote si hata hiyo bure, ni jinsi ilivyopangwa. Kila sheria iko na ukurasa wake na anwani yake, inakuonyesha ilianza lini, ilibadilishwa na sheria gani, na unachosoma ni hali ya tarehe gani. Mtu ambaye hajawahi kugombania shamba na karatasi ya zamani anaweza kuona hilo ni jambo dogo, lakini ebu ngoja niwape mfano.

Kuna mama mmoja mjane alikuja na wakwe zake, mumewe alikuwa amefariki bila kuacha wosia, na shemeji mkubwa alikuwa amebeba fotokopi ya Sheria ya Urithi, imefotokopiwa mpaka pembeni yote ni nyeusi na ukurasa wa kwanza haupo. Amepigia mstari kwa biro nyekundu pale penye asilimia 15 ya mke. Na watu wote pale walikuwa wanaiamini kwa sababu ni karatasi ya serikali, na kweli haikuwa feki, iliwahi kuwa sheria. Lakini mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu kadhaa vya sheria hiyo kwa sababu vilikuwa vinabagua wanawake, alafu Bunge likakaa miaka mingi mpaka 2022 ndipo marekebisho yakatoka, na kwenye marekebisho mke au mume anayebaki anapata asilimia 20, watoto 75, ndugu waliokuwa wanamtegemea marehemu 4, mrithi wa kimila 1. Na nyumba ambayo familia ilikuwa inakaa haiingii kwenye huo mgawanyo wa asilimia. Marehemu alifariki baada ya hayo marekebisho kuanza.

Nikafungua ULII pale pale nikawasomea. Shemeji akasema, "Sasa bwana, simu si inaweza kuandika chochote? Mimi niko na karatasi." Nikamwambia mzee uko na haki ya kuuliza, twende tuiprinti. Tukaprinti kurasa zinazohusika, nikamwonyesha pale juu penye jina la sheria na namba yake, na tarehe, nikamwambia tafuta vitu hivyo hivyo kwenye yako. Hakuna, maana ukurasa wa kwanza ulishapotea siku nyingi. Akazisoma mwenyewe polepole akimnong'oneza mdogo wake kwa Kilugbara, alafu akasema haya, tuongee upya. Waliongea upya siku hiyo hiyo, na mama yule aliondoka na nakala yake ndani ya bahasha.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema orodha na katalogi ni mambo ya wakutubi tu naumia. Ile fotokopi ingekuwa na tarehe yake juu, huo ugomvi usingefika pale ulipofika.

Kitu kingine cha kujua sasa hivi, namba za sheria zimebadilika. Toleo la 7 la Sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, limekusanya sheria zilivyokuwa mpaka 31 Desemba 2023, na lile la kabla yake lilikuwa la mwaka 2000, yaani robo karne karibu. Kwa hiyo Sheria ya Urithi uliyoizoea kama Cap 162 (Cap ni namba ya sura ya sheria kwenye huo mkusanyo) sasa ni Cap 268, Sheria ya Ardhi iliyokuwa Cap 227 sasa ni Cap 236, na Penal Code, ile ya makosa ya jinai, imetoka Cap 120 ikaenda Cap 128. Huku chini watu bado wanaandika namba za zamani kwenye barua zao, na unakuta namba za vifungu nazo zimehama. Ukiwa unaandikia mtu barua tafadhali angalia kwanza.

Sasa Gazeti la Serikali. Wengi wanadhani ni gazeti la habari, hapana, ni lile The Uganda Gazette ambamo serikali inatangaza mambo yake rasmi: matangazo ya hati za ardhi zilizopotea, watu kubadilisha majina, alafu miswada, sheria na kanuni zinatoka kama nyongeza zake. Anayelichapa ni UPPC, shirika la uchapaji la serikali lililoundwa kwa sheria ya 1992, makao yake Entebbe. Ukipata nyongeza ya sheria halisi utaona juu imeandikwa ni nyongeza ya Gazeti namba fulani, Volume fulani kwa namba za Kirumi, tarehe, na chini yake maneno kwamba imechapwa na UPPC Entebbe kwa amri ya Serikali. Zile namba za Kirumi zisikutishe, CXV ni 2022, CXVI ni 2023, unaongeza moja kila mwaka. Mimi mtu akiniletea karatasi ya sheria macho yangu yanaenda pale juu kwanza kabla ya kusoma neno lolote.

Kwa magazeti ya zamani kuna tovuti ingine inaitwa gazettes.africa, wanakusanya magazeti ya serikali ya nchi nyingi za Afrika yaliyoskaniwa, na ya Uganda yamo. Mafaili ya kuskani huwa ni mazito, kwa hiyo usidaunilodi kwa bando la asubuhi la MB kidogo, subiri usiku au tafuta waifai.

Tuje kwenye maktaba zenyewe, maana si kila kitu kiko mtandaoni, na sisi tunaotafuta mambo ya miaka ya nyuma tunajua hivyo. Maktaba Kuu ya Chuo Kikuu cha Makerere imekuwa ya kupokea nakala kisheria, yaani wachapaji wanatakiwa na sheria kuipelekea nakala, tangu 1958, kabla hata ya uhuru, na ile sehemu yao ya Africana, ya machapisho yanayohusu Afrika, ni hazina kweli kweli. Alafu kuna Maktaba ya Taifa pale Buganda Road, Kampala, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003, ndio wanaopokea vitabu vinavyochapwa nchini, wanatoa namba za ISBN, na kutengeneza bibliografia ya taifa. Maktaba za umma za wilayani ziko mikononi mwa serikali za mitaa tangu ugatuzi. Ukienda Makerere kutafuta nyaraka za serikali, ushauri wangu mkubwa ni huu: usitafute kwa mada, tafuta kwa jina la ofisi iliyotoa, na ujue ofisi hiyo wakati ule ilikuwa inaitwaje.

Hapo ndipo watu wengi wanakwama wanarudi nyumbani wakisema "haipo". Chukua sensa. Ya 2002, ya 2014 na ya 2024 ziko chini ya UBOS, ile ofisi ya takwimu ya taifa. Lakini ripoti za ya 1991 zilitolewa na Idara ya Takwimu ya Wizara ya Fedha na Mipango ya Uchumi, maana UBOS yenyewe imeundwa kwa sheria ya 1998, kwa hiyo ukiandika UBOS 1991 kwenye katalogi unaweza kukaa hapo mpaka jioni. Kijana mmoja wa chuo alikuja kwangu anataka kulinganisha idadi ya watu wa Terego ya 2014 na ya 2024, anasema tena kwa huzuni kwamba Terego ya 2014 imepotea. Haijapotea bwana mdogo, Terego imekuwa wilaya mwaka 2020, mwaka 2014 ilikuwa ndani ya Arua, nenda kwenye majedwali ya sabukaunti ujumlishe mwenyewe. Na Madi-Okollo hivyo hivyo, ilitoka Arua 2019. Nchi yetu inagawa wilaya mara kwa mara, wizara nazo zinaunganishwa na kutenganishwa, sasa bila mtu anayeandika kwamba hii ilikuwa ile, karatasi inakuwepo kwenye shelfu na bado hakuna anayeipata. Hii ndiyo kazi ya mkutubi na naiheshimu sana.

Wamarekani hili walilifikiria mapema. Wana ofisi ya uchapaji ya serikali, GPO, na tangu 1895 ina katalogi yake ya machapisho ya serikali, na mpangilio wao unafuata ofisi iliyotoa chapisho badala ya mada. Alafu wana maktaba kama 1,100 nchi nzima zinazopokea machapisho hayo bure, na sharti kubwa ni kwamba raia yeyote lazima aruhusiwe kuingia kuyasoma bila malipo. Sisemi tuige kila kitu, wao wako na pesa yao, lakini hilo sharti la mwisho halihitaji pesa nyingi, linahitaji uamuzi.

Maana huku kwetu nimeona mambo yanayouma. Kuna ofisi moja ya serikali, jina naliacha, nilienda kuomba vijitabu vya bajeti vya raia, nikaambiwa haviko, havijaletwa. Nikiwa natoka mfanyakazi mmoja akanionyesha stoo, vimo, mabunda bado yamefungwa kamba ya katani vile vilivyotoka Kampala, mabunda ya chini mchwa wameshaingia. Hakuna aliyevificha, hakukuwa na rejista tu. Vilipokelewa, dereva akasainiwa, basi. Nilipewa mabunda mawili ya juu na nimeshayagawa yote, watu waliyachukua haraka sana, wamama wa sokoni wakiwa mbele.

Na kuna mwongozo wa Parish Development Model, PDM, ule mpango wa serikali wa kupeleka pesa za maendeleo kwenye parishi. Huo ndio unaoulizwa kuliko sheria yoyote. Kila parishi shilingi milioni 100 kwa mwaka, kila mtu anazungumzia hizo pesa, kila mtu ana maneno yake kuhusu nani anastahili, lakini ukiuliza nani ameusoma mwongozo wenyewe mikono inashuka. Tuko na nakala moja tuliyoiprinti na inasomwa hapo hapo ndani, haitoki, kwa sababu ikitoka hairudi.

Ukikataliwa hati, kumbuka kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2005, inatokana na kifungu cha 41 cha Katiba, unaandika ombi na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21. Andika kwa adabu, taja jina kamili la hati, mwaka wake na ofisi iliyoitoa. Ombi linalosema "nataka habari za ardhi" linazungushwa tu, lakini linalotaja hati yenyewe ni vigumu kulikwepa.

Jambo la lugha nalo siwezi kuliruka. Sheria zote hizi ni Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu mabadiliko ya Katiba ya 2005, na kifungu cha 4 cha Katiba kinasema serikali iitafsiri Katiba kwa lugha za Uganda na kuisambaza. Hapa Arua Kiswahili ndicho tunachokutana nacho sokoni, Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na mkimbizi kutoka Sudani Kusini au Kongo, wote wanaelewana. Mimi natengeneza muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili kwa sheria zinazoulizwa sana, na juu yake naandika kwamba huu si sheria, sheria yenyewe ni Cap fulani, imesomwa ULII tarehe fulani. Ningefurahi sana kuona muhtasari kama huo unatoka serikalini wenyewe, na namba yake na tarehe.

Nikiulizwa nyota, ULII nampa tano, Africana ya Makerere tano, na safari ya karatasi kutoka Kampala mpaka sabukaunti naipa mbili, na hizo mbili ni kwa ajili ya watu wachache wanaobeba vijitabu kwenye bodaboda kwa pesa yao.

Kama na wewe unatunza chumba kama changu, nunua kaunta buku moja. Andika jina la hati, ofisi iliyotoa, mwaka, namba ya Gazeti kama ipo, umeipata lini na kutoka kwa nani. Sheria ikibadilishwa usiitupe ya zamani, ipige muhuri IMEBADILISHWA kwenye kila ukurasa, kila ukurasa narudia, maana wa kwanza ndio hupotea, alafu andika pembeni ni sheria gani iliyoibadilisha. Anayetaka nimtumie mfano wa rejista yetu aseme, nitaipiga picha.